Kwa nini ukame unanyausha nyasi lakini mti vamizi wa mathenge unastawi?

Wakuu, malisho yamekauka kabisa, ila mathenge pale uzioni uko kijani kibichi! Mabadiliko ya tabianchi yanaubeba vipi?

Jibu: Mizizi, mkuu. Ya mti wa jamii yake imewahi kukutwa zaidi ya mita 50 chini ya ardhi. Nyasi hutegemea unyevu wa juujuu. Halafu mifugo ikikosa nyasi hula maganda matamu ya mathenge yenye mbegu, na mbegu zinatoka nzima kwenye kinyesi. Ukame unaupa hadi wasambazaji.

Jibu: Na gugu maji je, mmea vamizi unaoelea ziwani? Nalo tabianchi inalibeba. Barafu huliua. Majira ya baridi yakilegea, linahamia maziwa lisiloyaweza zamani. Mafuriko ndiyo usafiri wake.

Muulizaji: Kumbe mbuzi wangu ndio wapanzi! Niwanyime maganda?

Jibu: Yasage kwanza. Mbegu ikivunjika haioti.