Mafundi, mnaremba Kombi kuukuu huku mnang'oa vitu msivyojua kazi yake. Nimechoka!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaomba radhi kwa urefu wa uzi huu.

Nilipeleka Kombi yangu ya Volkswagen gereji. Ni ya mwaka 1970, injini ya nyuma ya cc 1600 inayopozwa kwa hewa, aliniachia marehemu baba. Nilitaka injini ikaguliwe na kufungwa upya, na ndani pawe pa kulala vizuri: kitanda, jiko, friji, taa, umeme wa sola. Ilikaa huko miezi mitano. Nililipa kila walichodai bila kuomba kupunguziwa. Siku ya kuichukua nilitokwa na machozi kwa jinsi ilivyopendeza, rangi mbili, mbao zimepigwa msasa na vanishi, mapazia, mito. Wiki tatu baadaye nilikuwa nimesimama kando ya barabara mlimani, nimemvuta mwanangu nje kwa mkono mmoja, na petroli inachuruzika juu ya injini ya moto.

Mtoto ndiye aliyetuokoa. Alisema, "Mama, kunanuka petroli." Nikazima injini, nikafungua kifuniko cha nyuma. Chujio la plastiki la petroli lilikuwa limening'inizwa juu ya distributa, penye cheche, na mpira uliolishika haukuwa mpira wa petroli hata kidogo. Ulikuwa mpira laini wa kupitishia maji, hauna klipu, umeshaanza kupasuka mwishoni. Petroli ya siku hizi mara nyingi ina ethanoli ndani, na ethanoli inautafuna mpira usiotengenezwa kwa kazi hiyo. Pale mpira unapopenya bati la injini, ile raba ndogo ya kwenye tundu haikuwepo, kwa hiyo kila injini ilipotikisika makali ya bati yalikuwa yanausaga. Kwa asiyejua: kasha la injini hii limeundwa kwa aloi ya magnesiamu. Likishashika moto, ukilimwagia maji unauchochea. Kombi nyingi duniani zimeteketea kwa kipande cha mpira kisichofika urefu wa mkono.

Nikapiga simu gereji. Fundi akaniambia, "Dada, gari la zamani lazima linuke kidogo."

Hapana! Gari la zamani halinuki petroli. Gari linalovuja ndilo linalonuka petroli. Baba alikuwa akibadilisha mipira yote ya mafuta kila baada ya miaka michache hata kama ilionekana mizima, na nilikua nikilala nyuma ya Kombi hii, juu ya injini hiyohiyo, bila kunusa petroli hata siku moja. Mtu anayemwambia mteja wake kwamba harufu ya petroli ni uzee wa gari hafai kukabidhiwa spana.

Baada ya hapo niliikokotesha hadi nyumbani na nikaanza kuikagua mwenyewe, jioni baada ya jioni. Niliyoyakuta ndiyo yaliyonifanya nifungue uzi huu.

Kwanza, mabati ya kupoozea. Injini hii haina rejeta wala maji. Ina feni moja inayosukuma hewa ndani ya boksi la bati, na hewa inaelekezwa na mabati ishuke kupita kwenye mapezi ya silinda na vichwa vyake, kisha itoke chini. Kuzunguka injini kuna raba ndefu inayoziba nafasi kati ya mabati na bodi, ili hewa baridi ibaki juu na hewa iliyokwisha kupata joto, pamoja na joto la ekzosi, vibaki chini. Ukiitoa raba hiyo, feni inavuta joto lilelile ililolitoa na kulirudisha kwenye silinda. Injini inajichemsha yenyewe. Yangu hawakuirudisha. Vibati viwili vidogo vya pembeni havikuwepo pia.

Halafu thamostati. Chini ya silinda upande wa kulia kuna kopo dogo linalotanuka likipata joto, kwenye nyuzi 65 hadi 70 hivi, na fimbo yake inafungua vibao vya hewa ndani ya boksi la feni. Injini ikiwa baridi vibao vimefunga, injini inapata joto haraka. Ikipata joto, vinafunguka na kuielekeza hewa inakotakiwa. Yote hayo yameng'olewa. Nilipouliza, fundi akasema wanang'oa kwenye kila gari "ili hewa ipite vizuri zaidi." Ndugu yangu, vibao hivyo vikiwa wazi ndivyo vinavyoigawa hewa. Ukivitoa, injini inakaa muda mrefu bila joto lake, oili inabaki nzito, vyuma vinasagika, na ikishachemka hewa haigawiki kama ilivyopangwa. Kwenye injini ya mwaka wangu kupoza oili nako kunafanyika ndani ya boksi hilohilo la feni, kipozeo kikiwa kwenye njia ya hewa inayokwenda silinda ya tatu. Silinda hiyo kwa asili ndiyo inayoteseka kuliko zote, mpaka watengenezaji wenyewe walikihamisha kipozeo kwenye matoleo yaliyofuata. Yaani palipo na udhaifu unaojulikana ndipo mlipopunguza hewa!

Nilifungua vifuniko vya vali. Nafasi ya vali (uwazi kati ya vali na mkono unaoisukuma) inatakiwa iwe milimita 0.15 injini ikiwa baridi kabisa. Vali ya kutolea moshi ya silinda ya tatu haikuwa na nafasi yoyote, imebana. Kilomita mia chache zaidi ingeungua. Na hao wameniandikia kwenye karatasi kwamba injini "imefanyiwa ukaguzi kamili." Kuseti vali kwenye gari hili ni kazi ya saa moja. Baba alinifundisha nikiwa na miaka 12, nikiwa nimelala chini juu ya gunia, na alikuwa hanipi geji mpaka niiguse injini kwa kiganja nimhakikishie kwamba imepoa.

Sasa umeme. Hapa ndipo palinitisha zaidi.

Wamenifungia betri ya lithiamu ya saa-ampea 200 kwa ajili ya friji na taa, na wakaiunganisha moja kwa moja na mfumo wa gari kupitia rilei (swichi inayowashwa kwa umeme). Kombi yangu haina alternata, ina dainamo ya zamani ya ampea zisizofika 40, na injini ikiwa sailensa (inazunguka polepole bila kukanyagwa mafuta) hutoa kidogo sana. Betri ya risasi kadiri inavyojaa inapunguza kula chaji. Lithiamu haifanyi hivyo. Inavuta kila inachopewa mpaka karibu ijae, kwa hiyo dainamo inafanya kazi kwa nguvu zake zote saa nzima, saa mbili, bila kupumzika, mpaka inaungua. Kuna kifaa cha kuchajia kinachokaa katikati ya betri mbili na kuzuia ampea zisipite kiwango unachopanga. Kinauzwa kila mahali. Hakikufungwa.

Na kwenye injini hii dainamo na feni viko kwenye shafti moja. Someni hapo tena. Dainamo ikikwama, feni imesimama. Feni ikisimama, injini haina kitu kingine cha kuipoza, na dakika chache zinatosha kuiua. Ndiyo maana sisi tuliolelewa na magari haya taa nyekundu ya chaji ikiwaka tunasimama hapohapo, hatusubiri kufika. Ukimfungia mtu lithiamu kwenye dainamo bila kizuizi umemchezea umeme na upoozaji kwa mara moja, na hukumwambia neno.

Waya wenyewe ni mwembamba kama wa spika, umepitishwa kwenye tundu la bati bila raba, na hauna fyuzi mwanzo wala mwisho. Fyuzi hukaa karibu kabisa na betri, ili waya ukichubuka na kugusa bodi ikatike kabla waya haujageuka kuwa kaa la moto. Betri ya lithiamu ya ukubwa ule ikipigwa shoti inaweza kuyeyusha waya nyuma ya mbao zenu zenye vanishi, na mbao zile zinaanzia sentimita chache kutoka kichwa cha mtoto anapolala. Friji nayo wameiunga kwenye fyuzi ya taa za mbele. Taa za mbele! Ikikatika usiku taa inanizimikia katikati ya barabara.

Gesi niiseme haraka, maana nikiifikiria natetemeka. Chini ya kabati la mtungi baba alikuwa ameacha tundu kwenye sakafu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka chini na kutuama, na tundu lile ndilo njia yake ya kutoka nje ya gari. Wakati wa kuweka sakafu mpya wameliziba kwa plaiwudi na silikoni. Jibu la fundi: "Nilidhani ni tundu la kutu." Ulidhani! Ungeuliza!

Bodi je? Chukueni sumaku, ambayo kila mwenye gari la zamani anatakiwa kuwa nayo mfukoni. Niliipitisha kwenye kingo za chini za mlango wa pembeni, haikushika. Nikachimba kwa bisibisi, ikatoka puti nene kama kidole, na nyuma yake kutu tupu, juu yake wamepaka lami nyeusi. Kombi haina chesesi ya kujitegemea. Bodi na fremu ya sakafu vimechomelewa pamoja, kingo zile zinabeba gari. Puti haibebi kitu. Ukuta wa ndani wameujaza sufi ya kioo eti kuzuia baridi, na sufi ile inashika unyevu na kuulaza juu ya bati mchana na usiku. Raba za madirisha nazo hazikubadilishwa, na maji yanapenya pale pale. Walichokificha kwa puti wamekipa maji ya kuendelea kuoza. Turubai la paa la kuinuka walitoa la pamba wakaweka plastiki. Tukiamka asubuhi matone yanatuangukia usoni.

Breki hawakuzigusa. Mwaka 1970 Kombi ina ngoma mbele na nyuma, diski za mbele zilikuja na toleo la 1971. Wameongeza mbao ngumu, betri, friji na tangi la maji la lita 60, ambalo likijaa maji yake peke yake ni kilo 60, kwenye gari lenye nguvu farasi zisizofika 50, na mafuta ya breki ni meusi kama kahawa. Mafuta ya breki yanafyonza unyevu wa hewani, wengi hubadilisha kila miaka miwili. Tairi ni za gari dogo la kawaida, hazina alama ya kubeba mzigo, na zile tarakimu nne za wiki na mwaka zinaonyesha zina miaka kumi na moja. Zilipakwa dawa ya kung'arisha zikaonekana mpya.

Msije hapa kuniambia elimu ya magari haya imepotea. Yalianza kuundwa mwaka 1950, na Brazil waliendelea kuunda Kombi hadi 2013. Vitabu vya ufundi vipo, vipuri vipya vinatengenezwa mpaka leo, michoro ya umeme ya kila mwaka inapatikana. Fundi ambaye hajawahi kufungua injini hii hana kosa. Kosa ni kukataa kusema "dada, hii siijui," kisha kutupa kila kipande asichokielewa na kumfunikia mteja kwa vanishi.

Na wenzangu wateja, tuna sehemu yetu. Picha tunazopeleka gereji ni za mapazia na mito. Hatupeleki picha ya mpira wa petroli. Mimi mwenyewe nililipia friji kabla ya kuuliza habari za breki, na hilo linaniuma.

Mpaka sasa nimebadilisha mipira yote ya mafuta na kuweka klipu, chujio nimelihamishia chini karibu na tangi, nje ya chumba cha injini. Betri ya lithiamu nimeitenganisha kabisa na gari, inachajiwa na sola peke yake. Tundu la gesi nimelitoboa upya. Sufi nimeivua yote, mifuko sita imejaa maji. Vali nimeseti. Kingo zinasubiri mchomeleaji nitakayesimama pembeni yake.

Ila injini siwashi. Vibao vya hewa, fimbo ya thamostati na vile vibati viwili nilivifuata gereji nikaambiwa vimeuzwa pamoja na vyuma chakavu. Vilikuwa vya kwanza kabisa, vilivyotoka na gari kiwandani. Nahitaji seti ya boksi la feni la zamani, lile ambalo kipozeo cha oili kinakaa ndani, toleo la kabla ya 1971, pamoja na raba ndefu ya kuzunguka injini ya Kombi. Ya Kobe (Volkswagen Beetle) haitoshei, nimeshajaribu. Mwenye navyo, hata vyenye kutu, aandike hapa chini vimetoka kwenye injini ya mwaka gani.