Ufa kwenye meza ya mninga: epoksi, gundi nyeupe au supagluu?

Kwezi88: Wakuu, meza ya marehemu baba imepasuka juu. Jumamosi naingia dukani na hela ya gundi moja tu. Ipi inashika kweli?

RandaKali: Mkuu, ufa una upana gani? Umepenya mpaka chini? Ubao umepasuka au kiungo kimeachia? Picha iko wapi?

Mama Nuru: Chukua epoksi ya mirija miwili. Changanya nusu kwa nusu, tia unga wa mninga huohuo ili rangi ifanane. Chini ziba kwa selotepu kwanza, la sivyo yote itavujia sakafuni.

PwaniYetu: Supagluu usiiguse! Mwaka juzi niliziba ufa wa mlango wa mbele kwa supagluu na vumbi la mbao. Ikakauka palepale kama jiwe, nikapiga msasa, nikapaka vanishi. Mlango wenyewe unapigwa jua mchana kutwa, mvua ikija inaupata wote. Wiki ya tatu, usiku, nikasikia "tak!" Asubuhi ufa ni uleule, na pembeni umezaliwa mwingine. Gundi ile ni kavu mno, mbao ikicheza yenyewe inakatika. Kuikwangua kulinila siku mbili, na patasi ikang'oa nyuzi za mbao. Mpaka leo ukipitisha kidole unaparuzwa.

RandaKali: Gundi nyeupe ndiyo yangu, ila haizibi pengo. Lazima ubane kwa jiriwa mpaka mbao zikutane.

Kwezi88: Samahani, nilisahau. Sarafu ya 200 inaingia ikiwa wima, urefu shibiri moja kuanzia mwisho wa ubao. Meza ilikaa Tanga miaka yote, mwezi wa 6 nimeihamishia Dodoma.

FundiMstaafu: Hilo ndilo la kuanza nalo, mwanangu. Tanga kuna unyevu, Dodoma kukavu, mbao imesinyaa. Ikiwa imekazwa kwenye fremu kotekote haina pa kusogea, lazima ipasuke. Legeza skrubu, tanua matundu, subiri. Ukijaza epoksi sasa, mvua za Desemba zikianza ubao utavimba na kusukumana nayo.

Mama Nuru: Fundi, yangu ina miaka 4 haijatikisika.

FundiMstaafu: Umewahi kuihamisha?

Mama Nuru: Hapana, iko hapahapa Mtwara.

RandaKali: Tatizo ni mbao mbichi. Siku hizi mninga unaranda huku unatoa maji.

PwaniYetu: Meza ya mzee wake si ya siku hizi, RandaKali.

Kwezi88: Nimeingia chini na tochi. Skrubu ziko 12, mbili zina kutu, hazizunguki kabisa. Nazitoaje bila kuumiza mbao?