Overlord ya mwaka 2007: je, kuongoza kundi kwa pedi kunamtosheleza mpenzi wa mikakati?

Mleta mada

Ndugu zangu, naomba maoni yenu kuhusu Overlord, mchezo uliotengenezwa na Triumph Studios ya Uholanzi na kutolewa na Codemasters mwaka 2007 kwa Xbox 360 na kompyuta, kisha ukafika PlayStation 3 mwaka 2008 kwa jina la Overlord: Raising Hell. Mimi nimekulia kwenye michezo ya mikakati ya kompyuta, ile ambayo unalitazama bonde lote kutoka juu kama tai, unazungushia kikosi kipanya na kukituma unakotaka. Siku hizi nachezea konsoli tu, yaani mashine za michezo kama Xbox na PlayStation, na nimekuwa nikitafuta mchezo wa dunia ya kubuni, yenye elfi, vijeba na wachawi, ambao utanipa vita vya ana kwa ana bila kuninyima raha ya kupanga majeshi.

Wasiwasi wangu ni kwamba michezo mingi inayojaribu kuunganisha mambo haya mawili huishia pale pa mshika mbili: mapigano yanakuwa mepesi kwa sababu jeshi ndilo linalopigana, na mipango inakuwa myepesi vilevile kwa sababu pedi, yaani kidhibiti cha mkononi cha konsoli, haina vitufe vya kutosha. Kwa mliocheza Overlord hadi mwisho, je, mikakati imo kweli? Na kasoro zake ni za kuvumilika, au ni za kukukatisha tamaa katikati ya safari?

Bahari Tulivu

Ndugu mleta mada, nimeumaliza mchezo huu mara mbili, na jibu langu la kwanza ni kwamba mikakati imo, ila imejificha mahali ambapo mtu wa kipanya hatapatazama kwa haraka. Haimo kwenye ramani wala kwenye majengo. Imo kwenye kijiti cha kulia cha pedi.

Unacheza kama bwana wa giza aliyefufuliwa kwenye mnara uliobomolewa, na vibaraka wako ni viumbe wadogo wa rangi nne. Wa kahawia ndio wapiganaji, na ndio unaoanza nao. Wekundu hurusha moto kutoka mbali, hawaungui, na wanaweza kuzima ndimi za moto zinazofunga njia. Wa kijani huvumilia sumu, hujificha na kuvizia. Wa bluu ni dhaifu wakipigana, lakini ndio pekee wanaopita majini, na huwafufua wenzao walioanguka iwapo watawahi. Ukikisukuma kijiti cha kulia, kundi zima linatiririka mbele yako kama maji yaliyofunguliwa kwenye mfereji. Wanazunguka kona, wanavunja mapipa, wanaokota dhahabu na kukuletea, na wakikuta kofia ya chuma au rungu, wanavaa na kushika wenyewe. Mara ya kwanza nilipowapitisha kwenye shamba la maboga la Mellow Hills, walirudi nusu yao wakiwa wamevaa maboga vichwani, na boga lile lilikuwa kinga halisi, lenye faida vitani. Sijawahi kuona mchezo mwingine unaofanya jeshi lionekane hai kiasi hicho kwa amri ya kidole kimoja.

Sasa nikupe mfano wa mpango. Katika msitu wa Evernight kuna farasi wenye pembe moja, na ukiwatuma wa kahawia wote kwa pamoja kumkabili mmoja wao, atawapitia kwa kishindo na utapoteza kumi kabla hujavuta pumzi. Nilichojifunza, baada ya hasara kubwa, ni kutumia alama ya ulinzi, ambayo unaisimika ardhini na kuwakabidhi vibaraka wa rangi moja wabaki hapo. Niliwaacha wa kijani kando ya njia, wakatulia mpaka wakapotea machoni. Nikawapandisha wekundu kwenye mwinuko nyuma yangu. Wa bluu nikawaweka mbali kabisa, pasipo hatari. Kisha nikatoka mimi mwenyewe na wa kahawia wachache, tukamchokoza yule farasi na kurudi nyuma taratibu. Alipopita pale palipotulia, wa kijani walimrukia mgongoni wote kwa mpigo, na pambano likaisha kabla wekundu hawajamaliza kurusha. Huo ni mtego uliopangwa, ndugu yangu, na nilikuwa sijagusa ramani yoyote.

Mchezo ukiendelea unaweza kuongoza hadi vibaraka 50, na hapo ndipo kazi ya kugawa vikosi inapokuwa na uzito. Kikosi cha 50 kisicho na mpango hufa haraka kuliko cha 20 chenye mpango.

Mshale

Nakubaliana na Bahari Tulivu kuhusu kijiti cha kulia, lakini si haki kumwacha mleta mada aingie bila kuambiwa gharama yake. Kijiti hicho kikishakabidhiwa kundi, kamera, yaani pembe unayouonea mchezo, inabaki bila mkono wa kuishika. Katika michezo mingi ya konsoli kijiti cha kulia ndicho macho yako, na hapa macho hayo yametolewa sadaka ili jeshi litembee. Unajikuta unairekebisha kamera nyuma ya mgongo wa bwana wako kila baada ya hatua chache, na katika vyumba vyembamba au kwenye madaraja unawapeleka vibaraka mahali usipopaona. Unapotaka kumlenga adui mmoja ndani ya umati, mara nyingine mchezo unakushikia mwingine wa pembeni. Wachezaji waliozoea mchezo huu hujifunza kuishi na jambo hili, nami nilijifunza, lakini sikuacha kulihisi.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi machoni pangu. Toleo la kwanza halina ramani ya kukuonyesha ulipo. Maeneo yake si madogo, njia zake zinapindapinda na kurudiana, na mchezo unakutaka urudi sehemu za zamani pale unapopata rangi mpya ya vibaraka, kwa sababu sasa unaweza kupita pale ambapo moto, sumu au maji yalikuzuia. Wazo lenyewe ni zuri sana. Lakini kukumbuka kwa kichwa kwamba ukuta wa moto uliouona siku tatu zilizopita ulikuwa upande gani wa kijito ni kazi inayochosha bila kufundisha chochote. Toleo la PlayStation 3 liliongeza ramani ndogo kwenye kona ya skrini, na Overlord II ya mwaka 2009 nayo inayo. Kwa hiyo, ndugu mleta mada, kama una uchaguzi wa toleo, zingatia hilo kabla ya picha kali au jambo lingine lolote.

Tatu ni uvunaji wa uhai. Kila kibaraka unayemwita kutoka kwenye shimo lake anagharimu chembe moja ya uhai wa rangi yake, nawe unaipata kwa kuua viumbe. Silaha na mavazi ya bwana nayo huimarishwa kwa kuwatupa vibaraka kwenye tanuru la mnara, na si wachache. Ukishindwa vibaya mara mbili, au ukitaka upanga bora, unalazimika kurudi kwenye malisho kuua kondoo na wadudu kwa muda mrefu ili ujaze akiba. Hapo mchezo wa mikakati unageuka kibarua. Ningependa adhabu ya kupoteza kikosi ibaki, maana ndiyo inayokufanya upange, lakini ilipwe kwa njia nyingine.

Mleta mada

Nawashukuru nyote wawili kwa maelezo yaliyoshiba. Nimesoma pia kwamba mchezo unapima ubaya wako, na kwamba maamuzi yako hubadilisha dunia. Je, hilo lina kina? Kwangu mimi mkakati haukomei kwenye uwanja wa vita. Kuamua umtendee vipi mkulima uliyemkomboa ni sehemu ya kutawala.

Nyota ya Alfajiri

Hapo umegusa sehemu ninayoipenda na kuihuzunikia kwa wakati mmoja.

Hadithi iliandikwa na Rhianna Pratchett, na msingi wake ni imara: mashujaa waliomwangusha bwana wa giza wa zamani wamegeuka waovu wenyewe, kila mmoja akiwa ameshikwa na dhambi yake, kuanzia ulafi hadi uvivu na kiburi. Adui wako wa kwanza mkubwa, Melvin Underbelly, alikuwa shujaa, na sasa amevimba kwa chakula alichowanyang'anya watu wa kijiji cha Spree. Ukimshinda unaulizwa jambo moja rahisi: chakula hiki kirudi kijijini, au kiende kwenye mnara wako? Nilikaa na pedi mkononi kwa muda kabla ya kujibu. Nilikuwa nimeshapita kijijini mara kadhaa na kuwaona watu wakilalamika njaa, na nilijua kwamba nikiwarudishia, mimi mwovu ndiye nitakayeshangiliwa, ilhali shujaa wao ndiye aliyewalaza njaa. Sehemu hiyo imeandikwa kwa akili nyingi.

Tatizo ni kwamba kipimo chenyewe ni kipimo cha asilimia tu. Ukiua wanakijiji, kiwango cha ubaya kinapanda, sura ya bwana wako inabadilika, na uchawi wake unachukua umbo jingine. Lakini mwendo wa safari ni uleule. Unapita maeneo yaleyale, unapigana na mashujaa walewale, na mpangilio wa hatua haujali kama watu wanakupenda au wanakimbia wakikuona. Mtawala katili angepaswa kuwa na vita vya aina nyingine, kwa mfano vijiji vinavyoasi nyuma yake anapokwenda mbele, na mtawala mpole angepaswa kupata msaada ambao mwenzake hana. Overlord inakuonyesha mlango wa fikra hiyo, inaufungua nusu, kisha inakuongoza kwenye korido ileile. Hata kuchagua kati ya dada wawili, Rose na Velvet, nani awe bibi wa mnara, kunabadilisha mapambo na mazungumzo kuliko kunavyobadilisha utawala.

Pamoja na hayo, sauti ya Gnarl, mshauri mzee wa mnara, inafanya kazi kubwa. Anakukumbusha shabaha yako na kukueleza matumizi ya kila rangi bila kukusimamisha usome maandishi marefu. Kwa mchezo wenye amri nyingi hivi, huo ni ufundi wa kufundisha ambao wengine wangeuiga.

Mwana wa Ngome

Naomba niongeze ulinganisho, kwa sababu mleta mada anatokea kwenye michezo ya kompyuta na huenda anachokitafuta kiko kwa jirani.

Kwenye konsoli kuna njia mbili ambazo watengenezaji wamezifuata wakitaka kuunganisha upanga na jeshi. Ya kwanza ni ya Pikmin ya Nintendo, iliyotoka mwaka 2001 kwenye GameCube: wewe ni kiongozi mmoja ardhini, na jeshi ni kundi linalokufuata, hadi viumbe 100 uwanjani kwa wakati mmoja, kila rangi na kazi yake. Overlord ni mtoto wa njia hiyo, ingawa amekulia kwenye nyumba yenye giza. Njia ya pili ni ya Kingdom Under Fire: The Crusaders ya mwaka 2004 kwenye Xbox, kazi ya watengenezaji wa Korea Kusini. Pale unaongoza vikosi kamili, askari wa miguu, wapiga mishale, wa mikuki na wapanda farasi, unachagua kikosi na kukielekeza kwenye ramani ndogo, kisha kikigusana na adui unashuka mwenyewe kama jemadari na kupiga upanga katikati ya vurugu. Mikuki inawazuia farasi. Adui akijificha msituni unaweza kuuchoma msitu kwa mishale ya moto. Ni mchezo wa mikakati kwa maana unayoijua wewe.

Lakini udhaifu wake uko palepale palipo nguvu yake. Ukiwa katikati ya kupigana na kikosi chako kikuu, huoni vizuri kinachowapata wapiga mishale wako upande wa pili wa kilima, na mara nyingi nimeinua macho kwenye ramani nikakuta kikosi kizima kimekwisha kuliwa kimyakimya. Overlord haiwezi kukufanyia hivyo, kwa sababu jeshi lako liko mbele ya macho yako karibu muda wote. Kwa kukuwezesha kuliona jeshi lako, Overlord ni mchezo wa busara zaidi. Kwa upana wa vita, The Crusaders inaupita mbali.

Bahari Tulivu

Mwana wa Ngome ameliweka vizuri kuliko nilivyoliweka mimi, nami nakubali hoja ya Mshale kuhusu tanuru, ingawa hasara hiyo hupungua sana ukishajifunza kuwatunza wa bluu.

Ndugu mleta mada, ukiamua kuanza na Overlord, chukua toleo la PlayStation 3 kwa ajili ya ramani, na katika saa mbili za mwanzo usiharakishe kwenda mbele. Tumia muda huo kuzoesha vidole vyako kutenganisha rangi moja na kuisimamisha kwenye alama ya ulinzi wakati zilizobaki zinaendelea kukufuata, kwa sababu kila mtego utakaoutega baadaye unaanzia hapo. Usiwatupe kwenye tanuru wale wa kahawia waliokwisha kuvaa kofia na kushika silaha nzuri. Waite wapya kutoka shimoni, wasio na kitu, ndio uwapeleke. Na ukifika Evernight, wasimamishe wa bluu mbali kabla hujawaona wale farasi.