Mekapu: wanajipaka kwa ajili ya nani?

Mzee wa Pasua
Habari za jioni. Leo nimepanda Hiace Moshi kwenda Arusha. Boma Ng'ombe akapanda dada mmoja, uso mkavu kabisa, kitenge begani, akakaa mbele yangu. Kufika njia panda ya KIA akatoa kimfuko. Fandesheni, poda, nyusi zikachorwa, kope zikabandikwa. Kikatiti tukarushwa kwenye tuta mpaka konda akajigonga kichwa, lakini mkono wa yule dada na ule wanja haukutikisika. Tulipofika Usa River, kama si kile kitenge, ningesema abiria wetu ameshuka njiani kapanda mwingine.

Swali langu, na sina ugomvi na mtu: wanajipaka kwa ajili ya nani? Wanaume wengi tunasema hatupendi. Mke wangu huu mwaka wa 31, mafuta ya mgando tu, sijaona alichopungukiwa. Halafu yule dada akageuka kumlipa konda, akatabasamu. Meno ya kahawia. Ningekuwa yeye ningeanzia hapo kabla ya kuhangaika na kope.

Konda Mstaafu
Shikamoo mzee. Kutoka KIA mpaka Usa muda wote huo unamtazama mtoto wa watu? Tuanzie hapo.

Mzee wa Pasua
Marahaba. Alikuwa siti ya mbele yangu. Nitazame wapi, paa?

Mwalimu Kiboriloni
Mimi naungana na mzee. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye sendofu ya mwanafunzi wangu wa zamani. Nimemfundisha miaka minne, namjua mpaka mwandiko. Siku ile nilimpa mkono wa pongezi msimamizi wake nikidhani ndiye. Rangi ya uso na ya shingo haziendani hata kidogo. Urembo ni wa kuongeza kidogo, si wa kubomoa na kujenga upya. Magufuli alipopiga marufuku kope za kubandika watu walimwona mkali, lakini aliona mbali.

Chalii wa Ngarenaro
Mwalimu, wewe unafundisha historia kweli? Haikuwa Magufuli. Ni Spika Ndugai, 2018, na aliwazuia wabunge wanawake kuingia bungeni na kope na kucha za bandia. Bungeni, Dodoma. Raia wa Kiboriloni hakuguswa.

Mwalimu Kiboriloni
Nafundisha hesabu. Na kama bungeni zilikatazwa, sababu ilikuwepo. Afya. Hizo mekapu zina zebaki, watu wanaungua nyuso.

Fundi Kope Kilombero
Kaka mwalimu, unachanganya mchele na chuya. Zebaki na hidrokwinoni ni mambo ya mkorogo, cream za kujichubua, na zimepigwa marufuku nchini miaka mingi tu. Poda unanawa jioni inaondoka. Mkorogo hauondoki, unaondoka na ngozi. Kope nazo tatizo ni gundi mbaya na mtu kulala nazo wiki tatu. Mimi mteja akija jicho jekundu namrudisha nyumbani, hela sichukui.

Mzee wa Pasua
Vijana hamjui. Sisi tulishaona Operesheni Vijana ya TANU. Kuanzia Januari 1969, Dar es Salaam, mawigi, sketi fupi na cream za kujichubua vyote vilipigwa vita. Mambo haya hayakuanza leo.

Chalii wa Ngarenaro
Sawa mzee, sasa malizia historia. Kabla ya hapo, 1967 na 1968, hapa hapa mkoa wa Arusha, Wamaasai waliambiwa waache rubega na ule udongo mwekundu wa kujipaka na mafuta, wavae suruali wawe wastaarabu. Na waliokuwa wanajipaka sana ni morani. Wanaume! Babu yangu alikuwa anakaa nusu siku anapakwa na mwenzake mgongoni kwa ncha ya kidole, mistari imenyooka kuliko nyusi za huyo dada wa Hiace. Aliyemuuliza anajipaka kwa ajili ya nani ni bwana shauri tu.

Mwalimu Kiboriloni
Ile ni mila.

Chalii wa Ngarenaro
Kila kitu kikishakaa kabatini miaka mia kinaitwa mila.

Binti Sakina
Nimesoma kimyakimya tangu juu. Nyote mmeruka. Hakuna aliyeona pale mzee aliposema "meno ya kahawia, ningeanzia hapo." Mzee wangu, heshima yako, lakini aanzie vipi? Asugue na nini? Mimi nimezaliwa na kukulia Maji ya Chai, njia hiyohiyo ya Hiace yako, kabla ya kufika Usa. Mama alinisugulia mkaa, nikasugua majivu, nikasugua limau na chumvi mpaka fizi zikatoka damu. Ile rangi haiko juu ya jino, imo ndani. Ni floridi, madini yaliyomo kwenye maji tuliyokunywa tukiwa watoto, wakati jino linaundwa chini ya fizi. Likishaota, limeota.

Picha ya passport nimefunga mdomo. Picha ya mahafali nimefunga mdomo. Nilikwenda usaili Dar, baba mmoja mezani akaniuliza mbele ya wenzake kama navuta sigara. Sijawahi kuishika. Siku hizi nacheka na kiganja mdomoni bila hata kujua.

Mama wa Usa
Pole mwanangu. Umesema la kwangu.

Mzee wa Pasua
Binti, sikukusudia. Nilifikiri ni mirungi.

Chalii wa Ngarenaro
"Nilifikiri ni mirungi." Mzee unachimba shimo kwa koleo la pili.

Mangi wa Rau
Ndiyo faida ya kunywa maji ya mlima. Sisi Moshi tunacheka mpaka magego yanaonekana. Nyie Chuga si mchemshe tu hayo maji?

Fundi wa Bomba
Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yanapungua, floridi inabaki ileile, kwa hiyo unaikoleza. Kuna kituo Ngurdoto wanachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, hiyo inafanya kazi, ila lazima ubadilishe ule mkaa ukishachoka, na watu wengi hawabadilishi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi kwa miaka mingi kiwango cha nchi kilikuwa 4. Yaani maji yalikuwa yanafaulu mtihani kwa karatasi huku watoto wanaota meno ya chai. Nyie mnabishana poda.

Mangi wa Rau
Mkaa wa mifupa! Kumbe mnakunywa supu.

Mama wa Usa
Mangi, na nyie mnaotia magadi kwenye makande ili maharage yaive upesi, mnajua magadi nayo yana floridi? Nimeona watoto wa Moshi wenye meno kama yetu. Usitambe, mdogo wangu.

Mangi wa Rau
Makande ya mama yangu usiyaguse.

Konda Mstaafu
Hapa sasa vita imeanza.

(Hapo zikapita meseji kama arobaini za makande, nani anatia magadi na nani anadanganya. Ameulizwa mpaka bibi wa mtu wa Marangu.)

Mwalimu Kiboriloni
Turudi kwenye hoja. Hata kama ni meno, mekapu ni kuficha ukweli.

Binti Sakina
Mwalimu, ndevu zako umechana au umeziacha zijisemee ukweli? Mimi sifichi kitu, kila anayeongea na mimi anayaona. Ninachofanya ni kuchagua rangi. Lipustiki nyekundu yenye uchungwa ndani yake inayawasha meno, utadhani umeyamulika na tochi. Nyekundu inayoelekea zambarau inayatuliza. Hiyo nimejifunza mwenyewe mbele ya kioo nikiwa na miaka 24, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipiga picha nimeachia mdomo. Picha ninayo. Simuoneshi mtu humu.

Fundi Kope Kilombero
Ni kweli kabisa hiyo.

Mwalimu Kiboriloni
Ndevu nimechana.

Mzee wa Pasua
Binti Sakina, nimekusoma mara mbili. Lile neno la meno nalifuta. La kope bado silielewi, lakini nitatazama dirishani.

Konda Mstaafu
Kaa siti ya mbele na dereva, mzee. Salama zaidi.

Mama wa Usa
Binti Sakina, samahani mwanangu. Mdogo wangu wa mwisho ana kipaimara Jumapili na ameshasema hapigi picha. Hiyo ya zambarau inaitwaje dukani?

Binti Sakina
Usinunue kwa jina, dada, kila kampuni ina majina yake. Nenda naye mwenyewe, mchana, mtoke nje ya duka na kioo. Taa za ndani zinadanganya. Apake nyuma ya mkono kwanza, kisha mdomoni, kisha acheke. Asipocheka hutajua.

Fundi Kope Kilombero
Mlete kwangu Jumamosi asubuhi, nitampa achague. Kope hapana, bado mdogo.

Fundi wa Bomba
Na maji yenu ya kunywa mnachota wapi? Usa upande gani? Maana mdogo wako yamempata, lakini kuna watoto wa nyumba hiyohiyo ambao bado.

Mama wa Usa
Kisima cha jirani. Wa kwangu ana miaka miwili.

Fundi wa Bomba
Nifuate pembeni.

Mzee wa Pasua
Jamani, si tulikuwa tunajadili mekapu?

Konda Mstaafu
Mzee, wewe tulishakushusha Maji ya Chai. Gari liko Tengeru saa hizi.