Crown Athlete au Royal Saloon kwa mtu wa Tabora? Naombeni ushauri

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nipo Tabora mjini, Ipuli. Nimejichanga miaka minne nipate Toyota Crown, toleo lililotoka Japani mwishoni mwa 2003, na sasa kuchagua kunaninyima usingizi.

Royal Saloon ni gari ya mzee mwenye heshima zake, laini, imetulia. Athlete, yaani mwanariadha, ni Crown ileile ila Toyota wameilenga kwa dereva anayetaka kuisikia barabara: inakaa ngumu zaidi, rimu za inchi 18, grili ya wavu, taa za nyuma za duara. Injini ya 2.5 ipo kote kote. Ile ya 3.5 iliyoingia 2005 ni ya Athlete.

Juzi nimekagua Athlete ya jamaa mmoja. Nikachuchumaa, nikaweka kiganja ubavuni mwa tairi, kikaufunika mpira wote. Rimu ya mbele kushoto ilishapinda ikanyooshwa, alama za nyundo unaziona. Nikaikumbuka barabara ya vumbi ya kwa mama, naenda kila mwezi, na masika ni makorongo matupu.

Mke wangu anataka Royal, tuikodishe na kwa maharusi. Roho yangu iko kwa Athlete.

Mnaoitumia: nikishuka rimu za 17 na tairi nene, ule utulivu wake kwenye lami ya kwenda Nzega unabaki? Na Royal iliyobandikwa nembo ya Athlete naitambuaje kabla sijatoa hela?