Ushauri: Mama aingie kikundi cha wagonjwa wa saratani, au nimwache?

Mwana Kihesa: Wakuu, sina usingizi. Mama yangu, miaka 58, ana saratani ya titi, nimemleta Dar kutoka Iringa kutibiwa. Nesi anataka kila Alhamisi akae na wagonjwa wenzake waongee. Naogopa watamtisha. Akifa mmoja wao?

Mama Zai: Mpeleke. Mimi niligundulika na VVU 2006 nikajifungia ndani. Kilichonitoa ni kikundi cha tunaoishi na VVU: wanawake tisa chini ya mwembe, tunakumbushana dawa, tunacheza upatu. Cherehani yangu imetoka kwenye upatu ule. Wawili tumewazika, tukalia wote.

Mzee Tabu: Vikundi ni mambo ya Wazungu. Aombewe, anywe uji.

Mama Zai: Mzee wangu, msibani huwa tunakaa mkekani kwa nini?

Fundi Maabara: Msimpe matumaini hewa. Mwaka 1989 daktari David Spiegel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alichapisha utafiti wa wanawake 86 wenye saratani ya titi iliyosambaa: wa kikundini waliishi wastani wa miezi 36.6, wengine 18.9. Wakanada wakajaribu tena kwa wanawake 235, majibu yakatoka 2001: maisha hayakurefuka, ila huzuni na maumivu vilipungua. Kwangu hilo linatosha.

Dada Nesa: Mama mwenyewe anasemaje?

Mwana Kihesa: Sijamuuliza.

Dada Nesa: Kwa nini?

Mwana Kihesa: Hajui kama ni saratani. Tumemwambia uvimbe. Baba aliambiwa ana saratani ya koo, hakumaliza miezi miwili. Mimi na kaka tukaapa hatutarudia. Nesi nimeshamjibu kwamba mama haji.

Chapa Kazi: Hii chai. Dripu kila wiki tatu, nywele zimekwisha, foleni nzima inazungumza saratani, yeye hajui? Uzi ufungwe.

Mzee Tabu: Nami nilihisi.

Mwana Kihesa: Si chai. Nywele tulisingizia dawa kali. Hili sikutaka kuliandika: jana usiku namkanda miguu, akaniuliza, "Wale wenzangu wa Alhamisi, uvimbe wao uko wapi?" Nikasema sijui. Akajifunika kanga. "Basi nitakwenda niwaulize."

Mama Zai: Mwanangu, asubuhi mpigie nesi. Daktari akae na mama kabla ya Alhamisi, nawe uwepo.