Nyie mafundi websaiti mnaosajili domeini za wateja kwa majina yenu, mna roho gani?

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa nimevurugwa kwelikweli kwahiyo nikitoka nje ya mada mnivumilie.

Nina karakana ya fanicha Keko. Vitanda, makabati, sofa, meza za kulia, mbao zetu ni mninga na mkongo. Jina la biashara nimelisajili BRELA, lipo kwenye kibao, lipo kwenye risiti, lipo mgongoni kwenye tisheti za mafundi na lina .com mwishoni, yaani ndio domeini, anwani ya websaiti yetu. Sasa hiyo .com kumbe ni mali ya kijana mmoja hajawahi hata kushika randa, na leo mchana kanitumia ujumbe eti nimpe laki sita ndio aniachie. Aniachie nini? Jina langu?

Alikuja mwenyewe ofisini, kalaptopu kake begani, maneno matamu, "boss utaonekana dunia nzima". Tukakubaliana laki nane na nusu, websaiti, domeini, hostingi ya mwaka (pa kuiweka websaiti mtandaoni) na kuitangaza. Nusu nikampa kwa M-Pesa siku ile ile, nusu alipomaliza. Meseji zote ninazo.

Picha nilimpa za kazi zetu wenyewe, zimepigwa na simu ndio lakini ni kazi zetu. Akasema hazina mvuto, akachota za kwenye mtandao bila hata kuniambia. Matokeo yake mama mmoja katoka Mbezi na jua lote lile, kashuka kwenye bodaboda ananionesha simu, anataka hiyo hiyo. Naangalia, sofa ya ngozi nyeupe, miguu ya chuma, nyuma yake dirisha kubwa la kioo na nje THELUJI. Theluji wakuu, Keko! Nikaanza kumuelewesha kwamba hiyo sio yetu ila tunaweza kumtengenezea inayofanana, mama wa watu kanikata jicho, kapanda bodaboda ile ile karudi. Na mimi nani wa kumlaumu? Chini kabisa ya ukurasa kulikuwa na wazungu wawili wanatabasamu wanasema tumewahudumia vizuri sana. Hao wazungu sijui hata ni wa wapi.

Haya tuache hayo, twende kwenye kutangaza. Huyu bwana alikuwa anakula elfu themanini kila mwezi eti ya SEO, yaani kuifanya websaiti itokee juu watu wakitafuta Google, na kila mwisho wa mwezi ananitumia ripoti ya pdf ina grafu inapanda tu. Mimi nikiandika jina la karakana yangu Google, jina kamili kabisa, haiji kitu. Nikimuuliza, "Google inachukua muda boss, vuta subira". Nikavuta. Mwisho kuna dogo jirani yangu hapo anafanya mambo ya kompyuta, nikamwomba aingie humo ndani aangalie. Imejengwa na WordPress, programu ya kutengenezea websaiti, kaenda kwenye mipangilio, sehemu ya kusoma, akaanza kucheka peke yake. Kuna kijisanduku pale, ukikiwekea tiki unaziambia Google na wenzake WASIIORODHESHE websaiti yako. Mafundi huwa wanakiwekea tiki wakati bado wanajenga, wakimaliza wanakitoa. Huyu hakukitoa! Yaani nalipa kila mwezi ili nionekane na mlango kaufunga yeye mwenyewe. Zile grafu je? Dogo kafungua takwimu, watembeleaji karibu wote wa miji ya nje huko ambako mimi siwezi kupeleka hata stuli, wanakaa sekunde sifuri wanaondoka. Wale sio watu, ni maroboti ya kununua.

Alafu kuna "ada ya usalama", elfu tisini, ile kufuli ya https, cheti cha kulinda websaiti. Wakuu ile cheti inatolewa BURE na Let's Encrypt, shirika lisilo la faida, na hostingi nyingi saivi zinakuwekea zenyewe bila wewe kugusa kitu. Inaisha haraka, ndani ya siku 90 au chini ya hapo, ila ukiiweka ijihuishe yenyewe hushughuliki nayo tena. Yeye kachukua hela na hakuiweka ijihuishe, ikaisha, wateja wakawa wanakutana na ukurasa wa onyo wananipigia "kaka websaiti yako ina virusi".

Na matangazo ya Instagram nayo alikuwa anabusti nchi nzima kuanzia miaka 13. Nilikuwa napigiwa na watoto wa shule wanauliza bei ya sofa wakiwa mapumziko.

Basi nikamwambia inatosha, naomba vyangu vyote nihamie kwa mtu mwingine. Paswedi ya WordPress alishanipa zamani, maana alijua bila domeini haina maana. Ya domeini kimya. Nipo safarini boss. Nitakucheki jioni boss. Nikaamua kuwaandikia wenyewe kampuni iliyouza hiyo domeini, nikawawekea risiti za M-Pesa, cheti cha BRELA, kila kitu. Wakajibu kwa adabu kabisa kwamba aliyeandikwa ni mtu mwingine na hawawezi kunisaidia. Na kwa taratibu za ICANN, wale wanaosimamia majina ya domeini duniani, wapo sahihi. Ile namba ya siri ya kuhamishia domeini anayo haki ya kuidai yule aliyeandikwa, akiiomba kampuni inatakiwa impe ndani ya siku 5. Mimi sijaandikwa popote. Imeili yake, simu yake, jina lake. Domeini ambayo kuilipia mwaka mzima ni dola kumi na kitu, mimi alinichaji laki na nusu, na bado ni yake.

Nikasema niende mbele. Kuna utaratibu wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, wa kugombea domeini, nikasoma usiku kucha. Ada inaanzia dola 1,500! Na lazima uoneshe una alama ya biashara. Jina la biashara la BRELA sio alama ya biashara, ni vitu viwili tofauti, vinaombwa tofauti na kulipiwa tofauti. Jamaa hayo yote anayajua ndio maana katamka laki sita, kapiga hesabu kwamba kumlipa yeye ni rahisi kuliko kumshtaki.

Najua kuna watu watakuja hapa chini na "si ungeangalia mwenyewe". Naomba mpite kimya. Mteja akinipa hela ya mbao nikamtengenezea kitanda, sikibakizi kwangu alafu namkodishia kila usiku. Hela ya domeini nilitoa mimi kwa kazi yangu, na kuijaza fomu kwa jina la mwenye hela ni dakika mbili, haina gharama hata ya bando. Mnaofanya hivi mnafanya makusudi.

Kitu pekee nilichokomboa ni ile akaunti ya karakana kwenye ramani ya Google, nayo aliifungua kwa Gmail yake na kunichaji wakati ni bure. Pale kuna sehemu ya kuomba umiliki, nikaomba, hakujibu ndani ya siku walizompa, wakaniruhusu nithibitishe mwenyewe kwa kurekodi video, kibao, mlango, mafundi wakiwa kazini. Ikapita. Na mjue simu nyingi saivi zinatokea huko kwenye ramani.

.co.tz nimeshachukua kwa jina langu na imeili yangu. Ila .com ndio ipo kwenye kibao na kwenye risiti, na wateja wa zamani ndio wanayoijua.

Mwenye uzoefu na kesi kama hii, nikienda polisi na hizi meseji naandikisha nini hasa, utapeli au madai? Na kuna mwanasheria yeyote aliyewahi kusimamia kitu kama hiki kikaisha vizuri? Aje inboksi.

Na wewe bwana mdogo, najua upo humu na unasoma. Laki sita hupati. Una mpaka Ijumaa kunitumia ile namba ya kuhamishia, vinginevyo skrinshoti za "nipo safarini boss" nazipeleka zote kwa wateja wako wengine, na wengi wao wapo hapa hapa Keko.